Barafu iliyopotea na damu ya kina mama 14

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Korogwe aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba watafiti wamezoea kuja kijijini kwao, wanatoa watu damu, wanaandika majina, kisha hawaonekani tena. Aliuliza: damu yetu inakwenda wapi? Swali lile nimelisoma mara tatu. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Muheza, mwaka wa 19 sasa, na ni mmoja wa hao wanaoshika sindano. Nadhani anastahili kujibiwa na mtu wa maabara, na jibu lenyewe halitamfurahisha. Damu nyingine imekaa kwenye friza bila kupimwa, kwa sababu kitu cha kuipimia kiliharibikia uwanja wa ndege.

Kitu chenyewe ni protini. Kwa macho huioni. Inakuja ndani ya kichupa kisichozidi kidole changu cha mwisho, na lebo inasema mikrogramu 10. Chukua gramu moja, igawe mafungu 100,000, fungu moja ndilo lililo humo. Ikiwa imekaushwa, unapoinyanyua kwenye mwanga unaona kama utando wa pumzi kwenye kioo, na mara nyingi huoni chochote. Vijana wanaoanza kazi hudhani wameuziwa kichupa kitupu. Huwa nawaambia wasikifungue kwanza, wakizungushe kwenye sentrifuji ili kilichoganda kwenye kifuniko kishuke chini, maana ukifungua kwa pupa mali yote inabaki kwenye kifuniko unachotupa.

Niieleze kazi yake kwa namna ninavyowaeleza kina mama wanapokuja kutolewa damu. Mwili ukivamiwa na vijidudu vya malaria, chembe nyeupe hupiga mbiu. Mbiu hiyo ni protini ndogo ziitwazo saitokini. Moja inaitwa TNF, na ikilia, homa hupanda, mishipa hutanuka, askari wa mwili hukimbilia palipo na adui. Hapo ndipo panapopata moto, panavimba, panauma, hali ambayo vitabu vya tiba huiita mchochota. Bila mbiu hiyo tungekufa kwa mwiba wa mguuni. Lakini mbiu isiyonyamaza nayo inaua. Kwa hiyo mwili una saitokini nyingine za kusema basi, inatosha, rudini. Maarufu kati ya hizo, na ndiyo hiyo ya kichupani, inaitwa intaluikini-10, nasi maabara tunaifupisha IL-10. Iligunduliwa mwaka 1989 huko California na kundi la Tim Mosmann, na jina walilolipa kwanza lilikuwa refu, lenye maana ya kitu kinachozuia saitokini nyingine zisitengenezwe.

Mbiu inahitaji masikio. Juu ya kila chembe kuna protini nyingine zinazoitwa vipokezi, na saitokini isipopata kipokezi chake ni kelele ya bure. Mwaka 2009 madaktari walitangaza habari za watoto ambao matumbo yao yalijaa vidonda tangu wakiwa wachanga kabisa. IL-10 walikuwa nayo. Kipokezi chake ndicho kilichozaliwa na kasoro, mwili ukawa hausikii amri ya kutulia. Kwa kupandikizwa uboho kutoka kwa mtu mwenye afya njema, mmoja wao alipata nafuu. Sikio hilohilo unaweza pia kulitoa kwenye chembe na kulitumia peke yake: kipokezi cha TNF kikielea kwenye damu hunasa TNF kabla haijafika inakokwenda. Ndiyo asili ya dawa ya baridi yabisi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998.

Sasa kwa nini mimi wa Muheza nihangaike na mambo haya? Kwa sababu ya kondo la nyuma. Mama mwenye mimba, hasa mimba ya kwanza, akiumwa malaria, vimelea hujificha kwenye kondo na kushikamana humo. Unamtoboa kidole, unaangalia kwenye hadubini, unaona damu safi, unamwambia nenda nyumbani mama huna malaria. Kumbe wamejaa kule ndani, na kondo limeshika mchochota, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Utafiti uliofanyika hapahapa Muheza, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba IL-10 ikiwa nyingi kwenye damu ya kawaida, ile ya mkononi, inaweza kuwa dalili ya mchochota unaoendelea kwenye kondo. Mimi nilikuwa bado mgeni wa kazi. Nakumbuka nilivyosikia fahari kwamba jambo la namna hiyo limetoka wilaya yetu, kwa damu ya kina mama wetu. Na kabla ya hapo, mwaka 1999, watafiti wa magharibi mwa Kenya walikuwa wameonyesha kwamba watoto waliopungukiwa damu kwa malaria walikuwa na IL-10 kidogo kulinganisha na TNF yao. Mbiu inalia na wa kuinyamazisha ni mchache.

Kupima IL-10 kwenye damu ya mtu ni kupima pikogramu, yaani gramu moja igawanywe mara trilioni. Hakuna mizani ya kupima hivyo. Tunachofanya ni kulinganisha. Tunayo sahani ya plastiki yenye visima 96. Visima vya mwanzo tunatia IL-10 tuliyoinunua, ambayo kiasi chake tunakijua: hiki kingi, hiki nusu yake, hiki robo, mpaka tunafika kisima kisicho na kitu. Vinavyobaki tunatia plazima za wagonjwa, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake. Kisha kingamwili, protini inayoinasa IL-10, kisha kuosha, kuosha tena, kisha dawa ya rangi. Visima vinaanza kuwa vya buluu, polepole, vingine vilivyokolea, vingine kama maji ya bahari pale Tanga asubuhi. Unatia tone la asidi, buluu yote inageuka njano, mashine inasoma. Kila nikifika hapo bado moyo wangu unadunda, miaka yote hii.

IL-10 ile ya kununua ndiyo tunayoiita standadi. Ndiyo jiwe la mizani. Kila mtu aliyewahi kununua nyama anajua Wakala wa Vipimo hugonga muhuri kwenye mawe ya mizani, na anajua kwa nini. Jiwe lililoandikwa kilo moja likiwa kwa kweli ni nusu kilo, nusu kilo ya nyama itasomeka kilo. Standadi ni vilevile. Ikipoteza nusu ya nguvu zake njiani na lebo ikabaki inasema ileile, kila mama nitakayempima atasomeka mara mbili ya alichonacho. Nitamwandika mama mzima kuwa kondo lake linaungua. Na mashine haitaniambia kitu, kwa sababu mashine inaniamini mimi, na mimi naiamini lebo. Shirika la Afya Duniani lina mawe yake makuu ya mizani hiyo, na yamekuwa yakitunzwa Potters Bar, Uingereza, ili maabara za nchi mbalimbali zipime kwa kipimo kimoja.

Nije kwenye sanduku letu. Tuliagiza IL-10 na kipokezi cha TNF, vyote vya maji, vimegandishwa, pamoja na kingamwili zake. IL-10 hutengenezwa na nyuzi mbili za protini zilizokumbatiana bila kufungwa kwa kamba yoyote. Zikiachana, kila moja peke yake haina kazi. Kwa hiyo ya maji husafirishwa ndani ya barafu kavu, ile yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, isiyoacha maji bali hupotea hewani kama moshi. Barafu ya sanduku lile ilitosha siku nne, tano ukibahatika. Sanduku lilitua Alhamisi. Sisi tulikuwa tumeshazungumza na kina mama 14, wote mimba ya kwanza, wakubali kutoa damu mara mbili: ya kwanza tukaitenga plazima na kuiweka friza, ya pili ilikuwa itumike ikiwa bichi, siku hiyohiyo. Tulitaka kuichokoza damu ile, yaani kuishtua ili itoe TNF, kisha tutie IL-10, tuone kama TNF inashuka, na tutie kipokezi tuone kinanasa kiasi gani. Damu bichi haisubiri.

Sanduku lilikaa siku 11. Sitataja ofisi wala mtu, kwa sababu kijana aliyetuhudumia hakuwa na ubaya. Fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika kitu kama hiki. Aliniuliza kwa simu: dada, hii ni dawa? Nikasema si dawa, hapewi mtu. Ni sumu? Si sumu. Ni bakteria? Imetengenezwa na bakteria lakini bakteria hawamo. Akakaa kimya, kisha akasema basi itabidi iende kwa mwingine. Huyo mwingine alikuwa safarini. Kibali kimoja kikahitaji nakala ya kibali kingine. Wakala wetu wa forodha alilala Dar es Salaam siku tatu. Siku ya nane mtu akalifungua sanduku kuangalia kilichomo, akalifunga kwa gundi ya karatasi, akaliacha sakafuni.

Lilipofika Muheza nililifungua mimi mwenyewe. Barafu kavu haikuwepo hata punje. Ndani kulikuwa na joto la chumba, kadibodi imelainika, na kile kipima joto kidogo kinachosafiri na mzigo kinawaka taa nyekundu. Kichupa kilikuwa na tone la maji safi kabisa, linang'aa. Kwa kuangalia tu ungesema kizima. Nikajitoa damu yangu, nikaichokoza kama tulivyopanga, nikatia IL-10 ya sanduku. TNF haikushuka. Nikarudia kwa damu ya mwenzangu. Haikushuka. Nikakaa kwenye kiti cha maabara mpaka mlinzi akaja kuuliza kama ninafunga.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kina mama. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ametoka kijiji kilichoko chini ya milima ya Usambara, amekuja kwa bodaboda kisha kwa miguu, kadi ya kliniki ameifunga ndani ya kitenge. Akanisalimia, shikamoo dada, akakunja mkono wa gauni kabla sijamwambia. Ilibidi nimwambie aushushe. Akauliza, kwani damu yangu ina kasoro? Nikamweleza kwamba damu yake haina kasoro, ni kitu chetu kimeharibika njiani. Akafikiri kidogo, akasema: "Sasa ile ya kwanza mliyochukua?" Msomaji wa Korogwe, huyo aliuliza swali lako kabla yako, na mimi sikuwa na la kumjibu zaidi ya kwamba tumeitunza.

Watu wasidhani kwamba sampuli na vitendanishi, yaani vitu vya kupimia kama hiyo IL-10, vimeanza kuchelewa na ndege leo. Mwaka 1963 kipande cha uvimbe wa taya la mtoto wa Uganda kilipelekwa London kwa Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta kirusi katika ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Ukungu ulifunga uwanja wa London, ndege ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu yeyote angesema bakteria wameingia, tupa. Epstein akaweka tone chini ya hadubini. Zilikuwa chembe hai za uvimbe zimebanduka, zinaelea. Kutokana na kujua hivyo walifanikiwa kuziotesha maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kinachobeba jina la Epstein na Barr mpaka leo. Mwaka 1990 ikagundulika kwamba kirusi hichohicho kina jeni inayotengeneza protini iliyo kama pacha wa IL-10 yetu, na kwa hiyo hudanganya kinga ya mwili itulie. Elimu ya IL-10 imepita pia kwenye taya la mtoto wa Uganda, na ilipona kwa sababu mtu mmoja alitazama alichokishika kabla ya kukiamulia.

Na nchi hii inajua kutunza baridi, hilo silikubali kabisa kwamba hatuwezi. Chanjo zinafika zahanati ya mwisho kabisa ya wilaya hii, kwenye kasha la baridi, juu ya pikipiki, zikiwa salama. Minofu ya sangara ya Ziwa Victoria inapanda ndege mpaka Ulaya bila kunuka. Samaki ana chumba chake cha baridi na ana mtu anayejua kwamba akikaa jua la mchana mmoja ni hasara. Ninachoomba kwa wahusika ni kwamba kitendanishi cha utafiti kipewe heshima ya samaki: karatasi zake zikaguliwe kabla ndege haijatua, pawe na friza pale kwenye mizigo na akiba ya barafu kavu, na awepo ofisa hata mmoja kwa zamu aliyefundishwa kusoma lebo hizi na kujua kwamba "ihifadhiwe nyuzi 70 chini ya sifuri" ni amri. Siombi kodi isamehewe, wala siombi sanduku lisikaguliwe. Likaguliwe, lakini likiwa baridi.

Sisi wa maabara tuna letu pia. Protini iliyokaushwa huvumilia safari kuliko ya maji, na pale inapopatikana tungeiagiza hiyo hata kama kuiyeyusha kunataka mkono wa makini. Hilo tungelifanya tangu mwanzo, na nimeshalisema kwenye kikao chetu.

Kuna jingine ambalo limenikaa moyoni, na vyuo vikuu vyetu ndivyo ninavyovilenga. Hizi protini hazichimbwi kama dhahabu. Miaka ya 1970 Kari Cantell wa Finland alilazimika kukusanya chembe nyeupe za wachangia damu wengi mno ili apate interferoni, saitokini ya kupambana na virusi, kidogo tu, tena isiyo safi. Mwaka 1978 insulini ya binadamu ikatengenezwa na bakteria E. coli baada ya kupandikizwa jeni yake, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kwa wagonjwa Marekani. Njia ni ileile kwa IL-10: unachukua jeni ya binadamu, unampandikizia bakteria, unamlisha, unamweka kwenye nyuzi 37, anazaana na kukutengenezea protini ya mtu. Bakteria huyo anaota Mwanza na Morogoro kama anavyoota Boston. Tunao vijana waliosomea kazi hii wanaouza vocha za simu.

Najua ugumu ulipo, na sitaki mtu aniambie nimerahisisha. Protini ikitoka tumboni mwa E. coli mara nyingi huwa imejikunja vibaya, inabidi ifumuliwe na kukunjwa upya. Halafu ngozi ya bakteria yule ina sumu iitwayo endotoksini, na chembe nyeupe za binadamu hushtuka hata kwa endotoksini kidogo mno. Fikiria umetengeneza protini ya kutuliza mbiu, ukaitia kwenye damu, na uchafu wake ukapiga mbiu kubwa zaidi. Utaandika kwamba IL-10 inaongeza TNF, na utakuwa umewapotosha wote watakaokusoma. Kwa miaka mingi endotoksini imepimwa kwa damu ya kiumbe wa baharini mwenye gamba kama kofia ya chuma, ambaye damu yake ni ya buluu, nasi hatuna budi kununua kipimo hicho au kile kipya kisichotumia mnyama. Usafi ni kazi ngumu kuliko kutengeneza. Lakini tukianza na standadi mbili tatu tu za kupimia malaria, tukazilinganisha na zile za Shirika la Afya Duniani, safari ya kichupa kutoka Morogoro kuja Muheza ni ya basi moja na kasha la baridi.

Kwa msomaji wa Korogwe: plazima za kina mama 14 zipo. Zimo kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, rafu ya pili, zimeandikwa namba, hakuna jina juu yake. Umeme ukikatika jenereta inawaka, na usiku huwa napigiwa simu mimi. Watatu kati yao wameshajifungua. Yule binti wa Usambara alipata mtoto wa kike wa kilo mbili na gramu mia mbili, nimemwona kliniki, ananyonya vizuri. Kondo lake hatukuwahi kujua lilikuwa na nini.

Sanduku lingine limeagizwa, safari hii vyote vimekaushwa isipokuwa kipokezi. Litatua mwezi ujao. Nimeomba watengenezaji wabandike karatasi ubavuni, nimeiandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: NDANI KUNA KIPIMO CHA DAMU YA WAJAWAZITO. WEKA KWENYE BARIDI KWANZA, KISHA PIGA NAMBA HII, HATA USIKU WA MANANE.

Mteknolojia wa maabara,
Muheza, Tanga
(Jina limehifadhiwa)